Pipa Letu la Chupa: Akili Yake Iko Wapi?

Mhariri amenipa kurasa chache nieleze habari za lile pipa la buluu lililosimama kando ya bwalo la chakula, lenye taa tatu kichwani na kanyagio la pikipiki miguuni. Wengi wenu mmelizoea. Wengine mmelipachika majina ambayo mhariri hatakubali yachapishwe. Hata hivyo maswali hayajaisha. Ati linajuaje kwamba limejaa? Ile waya inayopanda paani inakwenda wapi? Na chupa zikitoka hapo, je, zinakwenda wapi? Nitajaribu kuyajibu yote, lakini hilo la mwisho ndilo nitakalolikalia zaidi, maana lilitusumbua kuliko waya zote tulizounga.

Nianze na jina, kwa kuwa hili ni jarida la Kiswahili. Tulikuwa wanafunzi sita, na wawili kati yetu ni wanachama wa chama hiki, kwa hiyo jina halikupita bila mjadala. Mmoja alitaka tuliite "pipa janja," kwa sababu wenzetu wa Tanzania husema simu janja. Akapingwa papo hapo: mjanja ni yule anayekuuzia maziwa yenye maji, nani ataliamini pipa la namna hiyo? "Pipa erevu" nalo likakwama, kwani mwerevu wa ngano zetu ni sungura, na tabia za sungura tunazijua. Mwishowe tukaafikiana kusema "pipa lenye akili." Kifaa kinachohisi vitu tukakiita kihisi, na kile kibao kinachopokea habari na kutoa amri tukakiita kidhibiti. Sauti inayogonga kitu na kurudi haikutushughulisha hata kidogo. Neno mwangwi lilikuwapo kabla ya babu zetu.

Sasa basi, kabla hatujagusa msumari hata mmoja, mwalimu wetu wa fizikia alitupa kazi ambayo sisi tuliiona ni ya kutupotezea Jumamosi. Alisema, "Nendeni mjini mkaangalie kila taka inachukuliwa na nani. Mkirudi mniambie ipi haina mwenyewe."

Kila msomaji wa hapa anajua kwamba eneo letu la Garsen na Minjila ndipo barabara ya Malindi inapokutana na ile ya Hola na Garissa, na ile ya Witu na Lamu. Mabasi hupita mchana kutwa, jua ni kali, na abiria wana kiu. Tukagawana mji. Tuligundua kwamba taka nyingi za Garsen zina wenyewe. Vyuma vikuukuu huchukuliwa na wanunuzi wa skrepu hata kabla havijapata kutu. Chupa za soda za vioo hurudi dukani, kwa sababu usipoirudisha huipati amana yako. Karatasi za madaftari hununuliwa na wauza njugu. Mabaki ya chakula ni ya mbuzi, na mbuzi hawahitaji kuitwa. Na mtungi wa manjano wa lita 20? Huo haufi. Ukimaliza mafuta huwa wa maji, ukitoboka hukatwa ukawa wa kunyweshea kuku, na ukipasuka kabisa utaukuta umeziba pengo la ua.

Zilibaki aina mbili zisizo na mwenyewe: mifuko ya nailoni na chupa za plastiki za maji na soda.

Kuhusu mifuko, serikali ilikwisha kusema. Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku kutengeneza, kuingiza na kutumia mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, na adhabu yake ni faini ya shilingi milioni 2 hadi milioni 4, au kifungo cha mwaka 1 hadi 4. Imepungua sana, ingawa vipande vya ile ya zamani bado hufukuka ardhini. Mzee mmoja mfugaji tuliyemkuta penye mnada wa mifugo alitusikiliza tukimsomea habari za sheria hiyo, akatabasamu. "Mwanangu," akaniambia, "ng'ombe wangu hajasoma sheria. Akiona nailoni ina harufu ya chumvi, anameza. Halafu anakonda, na wewe unatafuta ugonjwa usiuone."

Chupa hazikupigwa marufuku hivyo. Tangu tarehe 5 Juni 2020 chupa za matumizi ya mara moja haziruhusiwi ndani ya mbuga na hifadhi za taifa, lakini mjini na shuleni zingalipo kama kawaida. Hizo ndizo tulizorudi nazo kwa mwalimu kuwa jibu. Akasema, "Basi undeni pipa la hizo tu. Msimnyang'anye mbuzi riziki yake."

Hapa hapana budi niseme kwa nini jambo hili si mchezo kwetu sisi watu wa Tana. Mto huu ndio mrefu kuliko yote nchini, kama kilomita 1,000, kuanzia nyanda za juu za Aberdare na Mlima Kenya hadi baharini kule Kipini. Sisi tuko karibu na mwisho wake, mahali ambapo ardhi ni tambarare na mto hutanuka ukawa mito midogo, mabwawa na vinamasi. Delta yetu iliingizwa mwaka 2012 katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu kwa ulimwengu mzima. Mto unapofurika huku hauulizi. Ulifurika wakati wa El Niño ya 1997 na 1998, ukafurika 2018, ukafurika mwishoni mwa 2023, na tena Aprili na Mei 2024. Mtakumbuka kwamba muhula wa pili wa mwaka huo ulikuwa uanze tarehe 29 Aprili, ukasukumwa mpaka 13 Mei, nchi nzima.

Taka zetu, kama za watu wengi, tulikuwa tukizitupa shimoni. Shimo lililochimbwa kwenye tambarare ya mto ni kama mkopo: siku moja mto huja kudai. Maji yalipopungua mwaka 2024 tuliona chupa zimening'inia vichakani, juu kuliko kichwa cha mtu, kana kwamba miti imezaa. Nyingine zilikuwa mashambani. Mkulima wa Kipokomo alikuwa akiyapokea mafuriko kwa moyo wa namna mbili, kwa sababu maji yanayombomolea nyumba ndiyo yanayomletea tope la kuoteshea mpunga, mahindi na migomba. Siku hizi analipata tope lile lile likiwa na chupa ndani yake, na jembe likigonga chupa huteleza. Zisizobaki shambani zimekwenda zake Kipini na mikokoni.

Haya, tuingie darasani kidogo.

Neno plastiki hutudanganya kwa kuwa ni moja. Kwa kweli ni jina la ukoo lenye milango mingi. Geuza chupa ya maji uiangalie chini, utaona pembetatu ndogo yenye tarakimu. Tarakimu 1 ni plastiki iitwayo PET, ile angavu ya chupa za maji na soda. Tarakimu 2 ni HDPE, ya mitungi ya mafuta na chupa nzito za sabuni. Tarakimu 3 ni PVC, ya mabomba ya maji. Tarakimu 5 ni PP, ya ndoo, viti na vifuniko vingi. Ziko hadi 7. PET huyeyuka ikifika karibu nyuzi 250 za selsiasi, PP karibu 160, na HDPE karibu 130. Ukizitia zote chunguni pamoja, moja itakuwa uji wakati nyingine ingali punje, na ikiwamo PVC itaungua na kutoa gesi chungu kabla PET haijayeyuka. Ndiyo maana mnunuzi huitazama chupa yenye kifuniko kwa jicho baya. Mwenye chupa anaona kitu kimoja, yeye anaona vitu viwili vilivyofungamana.

Jaribio lake ni jepesi na yeyote anaweza kulifanya leo jioni. Chukua karai la maji. Kata kipande cha chupa ya maji na kipande cha kifuniko chake, uvitie vyote viwili na kuvikoroga ili visishike mapovu. Kifuniko kitaelea, chupa itazama. Sababu ni msongamano: PET ina gramu 1.38 hivi katika kila sentimita mchemraba, na maji yana gramu 1. HDPE ina 0.95 na PP ina 0.90. Viwanda vikubwa vya kurejeleza plastiki huzitenganisha kwa njia hii hii, tofauti ni kwamba karai lao ni kubwa kama bwawa la kuogelea. Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza aliyetusaidia kukata vipande alisema, "Kumbe maji ndiyo kihisi cha kwanza!" Tukamwambia aandike hilo daftarini.

Sasa pipa lenyewe. Mwili wake ni pipa la plastiki la lita 200 lililoletwa shuleni na dawa ya kusafishia, likaoshwa mara nne. Miguu ni vyuma vya kitanda cha bweni kilichovunjika. Mlango wa nyuma wa kutolea chupa una bawaba za dawati. Chini tumeweka wavu wa chuma ili mabaki ya soda yadondoke, la sivyo nyuki na sisimizi wangehamia humo na familia zao.

Mdomo wa pipa ndio sehemu ninayoipenda kuliko zote, na hauna hata uzi mmoja wa umeme. Ni tundu la duara lenye upana wa sentimita 10. Chupa ya nusu lita inapita, ya lita moja na nusu inapita. Sahani ya makombo haipiti, wala kipande cha mkaa cha mpishi. Mtu anayetaka kutia ugali humo itambidi afinyange tonge baada ya tonge, na hakuna mvivu wa kutupa taka atakayekuwa na bidii hiyo. Kando ya tundu kuna makopo mawili. La kwanza ni la vifuniko vya plastiki. La pili lina sumaku ya spika iliyotoka kwenye redio mbovu, na hilo ni la vizibo vya soda za vioo, ambavyo ni vya chuma. Ukipitisha kiganja chenye mchanganyiko karibu nalo, vizibo huruka vyenyewe vikaganda.

Kifuniko cha juu kilikuwa na kisa. Katika mpango wa kwanza kilikuwa kijifungue chenyewe. Tulitoa mota katika mashine ya kuchezea kanda za DVD iliyokufa, tukaiunga na kihisi: mkono ukikaribia kwa sentimita 30, kifuniko kinapanda. Wee, siku ya kwanza shule nzima ilipanga foleni kukitazama, hata wasio na chupa. Siku ya pili walikuja tumbili. Kihisi hupima umbali, hakipimi nani. Mkono wa mwanafunzi na mkono wa tumbili kwacho ni mkono tu. Wale jamaa walijifunza haraka kuliko baadhi yetu. Mmoja anapunga mkono, mwenzake anachukua. Mwezi mzima wa majaribio ulikuwa umetengwa kwa mambo kama hayo, kwa hiyo tuliijadili mota kwa utulivu. Fundi wa redio wa hapa mjini, aliyekuwa akituazima kifaa cha kuunganishia risasi, alituuliza, "Vijana, hii mota inawafanyia kazi gani ambayo mguu hauwezi?" Hatukuwa na jibu. Tukaiondoa, tukaweka kanyagio la pikipiki na kipande cha kebo ya breki. Unakanyaga, kinafunguka. Tumbili ni mwepesi mno, akikanyaga hakishuki. Mota ile imehifadhiwa kwa kazi nyingine.

Basi umeme tumeuachia kazi moja tu ambayo mguu wala jicho haviwezi kuifanya vizuri: kujua pipa limejaa kiasi gani bila kulifungua, na kumweleza mtu wa zamu akiwa mbali.

Kihisi chenyewe ni kile kidogo chenye macho mawili, kinachoitwa HC-SR04. Hiki pamoja na kidhibiti cha Arduino Uno ndivyo vitu pekee tulivyonunua vipya. Jicho la kwanza hutoa sauti yenye mitetemo 40,000 kwa sekunde. Sikio la binadamu huishia karibu 20,000, kwa hiyo hatuisikii. Popo wadogo walao wadudu hutumia ujuzi uo huo kuwinda usiku. Sauti inashuka, inagonga chupa, inarudi kama mwangwi, na jicho la pili linaipokea. Kidhibiti hupima muda uliopita.

Mwendo wa sauti hewani si mmoja mahali pote. Katika nyuzi 0 za selsiasi ni kama mita 331 kwa sekunde, na kila nyuzi moja ikipanda mwendo huongezeka kwa mita 0.6 hivi. Vitabu hutaja mita 343, lakini hiyo ni kwa nyuzi 20, na nyuzi 20 sisi tunazisikia tu kwa watu waliosoma Limuru. Mchana wa Garsen tuseme ni nyuzi 35:

331 + (0.6 × 35) = 352

Kutoka kihisi mpaka kwenye wavu wa chini ni sentimita 80, yaani mita 0.8. Kwenda na kurudi ni mita 1.6. Gawa kwa 352 utapata sekunde 0.0045, milisekunde nne na nusu. Hilo ni pipa tupu. Chupa zikipanda mpaka zibaki sentimita 20 kutoka kwenye kihisi, mwangwi hurudi kwa milisekunde moja na kidogo tu. Ungetumia ile 343 ya kitabuni ungepata pipa lenye kina cha sentimita 78 badala ya 80. Kwa pipa la taka tofauti hiyo si kitu, ila mwalimu alikataa kata kata tuipuuze. Alisema atakayezoea kupuuza sentimita mbili ataishia kupuuza daraja.

Liko jambo jingine ambalo mtu hawezi kulijua mpaka alione. Chupa ni mviringo, na sauti inayogonga mgongo wa mviringo aghalabu huteleza pembeni isirudi. Kwa hiyo kidhibiti hakiamini kipimo kimoja. Hupima mara tano, hupanga majibu kutoka dogo hadi kubwa, na kuchukua la katikati. Tena ili taa nyekundu iwake, jibu la "limejaa" sharti litokee mara tatu mfululizo kila baada ya dakika 10. La sivyo kila chupa inayopita mbele ya kihisi ikidondoka ingewasha taa. Kijani maana yake pana nafasi, manjano ni nusu imepita, nyekundu ni mtu wa zamu aje. Taa zenyewe zilitoka katika tochi zilizotupwa.

Nguvu ya umeme inatoka kwenye kibao kidogo cha sola cha wati 10 na betri ya pikipiki ya volti 12 ambayo haikuweza tena kuwasha injini. Betri iliyoshindwa na injini si betri iliyokufa. Vifaa vyetu vinakula robo ya wati tu, ambayo kwa saa 24 ni saa-wati 6, na sola katika jua la saa tano hutoa mara nane ya hizo. Kushusha volti 12 ziwe 5 tumetumia ile chaji ya simu ya kuchomeka ndani ya gari. Neno moja la tahadhari kwa watakaotuiga: betri za simu na za tarakilishi ndogo msizifumue. Zikitobolewa huwaka moto.

Pipa likawa tayari, taa ikawaka nyekundu baada ya siku tisa, tukashangilia. Kisha tukasimama tukatazamana. Sasa chupa zipelekwe wapi?

Hapo ndipo akili ya waya ilipofika mwisho wake. Tulizihesabu na kuzipima kwa mizani ya stoo: chupa 170 hivi, na kila moja ya nusu lita ina uzito wa kama gramu 20. Pipa zima la lita 200, lililoshangiliwa na shule nzima, lilikuwa na plastiki ya kilo tatu na ushei! Zilizobaki zote ni hewa. Kutoka hapa mpaka Mombasa ni zaidi ya kilomita 200, na hakuna mwenye lori atakayebeba hewa ya Garsen kuipeleka Mombasa, ambako hewa ipo tele.

Kwa hiyo kazi ya muhula wa tatu haikuwa ya elektroniki hata kidogo. Ilikuwa ya kufinya. Tuliomba jeki ya lori iliyovuja, ikatiwa mpira mpya, tukaiweka ndani ya fremu ya mbao nzito pamoja na kisanduku. Chupa isiyo na kifuniko hukanyagwa kwanza, kisha hulaliana na wenzake kisandukuni na kubanwa. (Mwaona sasa kwa nini tunawasumbua kuhusu vifuniko: chupa iliyofungwa haifinyiki, inakurudishia ubishi.) Mapipa matatu yakawa yanaingia katika gunia moja la kilo 10 hivi. Na malori yapo. Yanapanda na unga, saruji na soda, na msimu wa maembe ukiwa umepita baadhi yake hurudi matupu. Dereva mmoja alikubali kutubebea magunia mpaka Malindi, kwa mnunuzi anayepima kwa kilo, kwa nauli ndogo na kwa sharti kwamba yawe makavu na yasinuke. Bei sitaitaja, kwani hubadilika kila mara. Itoshe kusema kwamba magunia manne ya kwanza yalilipa nauli yake na kubakiza fedha za mipira miwili ya jeki.

Wapo watakaosema kwamba kilo tatu ni mzaha. Nawaomba watazame kwa majirani zetu wa Lamu. Huko, mwezi wa Septemba 2018, lilishushwa majini jahazi dogo liitwalo Flipflopi, lililoundwa chini ya usimamizi wa fundi Ali Skanda, wazo lake likiwa la Ben Morison. Si la mbao. Ni la plastiki iliyookotwa, kama tani 10, ikayeyushwa na kufinyangwa kuwa mataruma na mbao, kisha likavikwa vipande vya kandambili kama 30,000, ndiyo maana likaitwa hivyo. Mapema mwaka 2019 lilitweka tanga likaenda Unguja, safari ya kama kilomita 500, na mwaka 2021 likasafiri Ziwa Viktoria. Kinachonivutia mimi si rangi zake, ingawa zinapendeza. Ni kwamba mafundi walichukua ufundi walioujua tangu utotoni, wa shoka na randa, wakaulisha kitu ambacho hakuna babu aliyewahi kukichonga. Tani 10, ukizipima kwa uzito wa pipa letu, ni karibu mapipa 3,000. Mtu aliyaokota, kidogo kidogo, na palikuwa na mtu mwingine anayeyangoja. Huyo wa kungoja ndiye tuliyekuwa tukimtafuta sisi.

Sheria nayo imeanza kutusukuma upande huo. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inazitaka taasisi zitenganishe taka zinazooza na zisizooza, kila aina katika chombo chake chenye alama na rangi yake. Shule ni taasisi. Lakini kutenganisha ni nusu ya njia. Mahali penye kiwanda karibu, nusu ya pili hujiendesha. Kwetu huku nusu ya pili ni barabara, na barabara yetu hukatika.

Hilo limetuletea swali la mwisho ambalo tumelijibu kwa mbao badala ya waya. Mvua zikinyesha huko juu na njia ikafungwa, magunia yatakaa wapi? Tukiyaacha sakafuni na mto ukaja, tutakuwa tumefanya kazi ya mwaka mzima ya kuukusanyia mto taka zilizopangwa vizuri. Kwa hiyo tumejenga uchaga ndani ya stoo, kama ule wanaowekea nafaka nyumbani. Ukutani mwa stoo iko alama ya tope ya mwaka 2024 ambayo hakuna aliyeifuta. Tumepima kutoka alama hiyo, tukaongeza mita moja, hapo ndipo tulipopigilia mbao ya kwanza. Kwa sasa juu yake pana magunia saba.

Yaliyobaki ni madogo. Vumbi la mwezi wa pili huziba macho ya kihisi, kwa hiyo mtu wa zamu huyafuta kila Jumatatu kwa kitambaa kikavu, si kwa maji. Kidato cha Nne wanatuacha mwaka huu na wamekwenda na mtu wetu wa jeki. Tunahitaji wawili wenye mikono yenye nguvu, na mmoja mwenye mwandiko unaosomeka wa kuandika daftari la mizani. Tunakutana Alhamisi baada ya michezo, nyuma ya maabara. Mwenye redio mbovu nyumbani aje nayo, hasa kama spika yake ni kubwa.